Sharti la Langoni

Mtu anayepimwa nguo hana pa kukimbilia. Mikono ameinyoosha, kidevu amekiinua, futi imemzunguka kifuani, na akijitikisa vipimo vinaharibika. Binti wa fundi cherehani aliligundua hilo mapema, na kwa kuwa alizaliwa na ulimi usiotulia, alilitumia vilivyo. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa zuri tu, lakini mtaa mzima ulishalisahau. Walimwita Dodosa, kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kudodoswa.

Mama yake alikuwa fundi wa majoho. Wapo mafundi wa sare za shule, wapo wa magauni ya harusi, na wapo wanaoshona chochote kinachoingia mlangoni. Huyu riziki yake ilitoka kwa waliomaliza chuo kikuu. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyolika pembeni, pasi nzito, na kamba iliyokwenda ukuta hadi ukuta, ambapo majoho yalining'inizwa yakisubiri wenyewe. Yenye mkanda mwekundu shingoni yalikuwa ya Langoni. Yenye mkanda wa kijani yalikuwa ya Karakana.

Langoni ndicho chuo chenye jina. Watu walikiita hivyo kwa sababu ya lango lake la mawe, ambalo kila apitaye hutaka kupigia picha, hata kama amekuja kuziba mabomba tu. Karakana kilianza kama shule ya ufundi, kikakua, kikapewa hadhi ya chuo kikuu na jina refu la heshima, lakini jina la zamani liliking'ang'ania. Ukisema mwanao yuko Langoni, watu hukusogezea kiti. Ukisema yuko Karakana, watakuuliza kama anaweza kutengeneza feni.

"Dada, geuka kidogo," Dodosa alimwambia mteja mmoja, msichana aliyekuja kupimwa joho lenye mkanda mwekundu. "Hivi pale Langoni umepata nini?"

"Digrii."

"Hiyo najua. Kingine?"

Msichana alifikiri, na kwa kuwa mikono ilikuwa hewani hakuwa na la kufanya ila kufikiri. "Watu," alisema. "Nimefahamiana na watu. Nikitaka kitu, namjua mtu anayemjua mtu."

"Na masomo?"

"Masomo nayo yalikuwepo," alijibu, na wote wawili wakacheka.

Kijana mmoja wa mkanda wa kijani alisema Karakana ilimpa mikono: aliingia akiogopa nyaya za umeme, akatoka nyaya zinamwogopa yeye. Mwingine wa Langoni, aliyevaa tai kuja kupimwa, alisema makampuni yalimwita kabla hajaomba kazi. Mwingine tena wa huko huko alisema alichopata ni vidonda vya tumbo, ila akaomba jambo hilo lisimfikie mama yake, ambaye alikuwa amekaa pale pale akichagua vifungo.

Dodosa hakuuliza kwa udaku. Sawa, kidogo kwa udaku. Lakini safari hii swali lilikuwa lake mwenyewe: vyuo vyote viwili vilikuwa vimemkubali, vyote viwili na ufadhili, na alitakiwa kujibu kabla wiki haijaisha.

Ufadhili huo haukudondoka kutoka mbinguni. Uliwindwa, na mwindaji alikuwa mjomba wake, kaka wa mama, mwenye duka la kunakili na kuchapa lililopakana na chumba cha kushonea. Mjomba alikuwa mtu wa maneno mengi na wino mchache. Tangu Dodosa amalize kidato cha sita, kila mteja alipoondoka, mjomba aligeukia kompyuta yake akatafuta. Alipata mambo ya ajabu. Kuna mfuko uliosomesha watoto wa mabaharia peke yao. Kuna tajiri, marehemu sasa, aliyeacha wosia kwamba fedha zake zisomeshe wapiga filimbi.

"Filimbi ni kupuliza tu," mjomba alisema. "Wiki moja inakutosha."

"Mjomba, wanataka nipige mbele yao."

"Nao watajuaje kama si mtindo mpya?"

Siku nyingine alikuja mbio akiwa na karatasi bado ya moto kutoka kwenye mashine. Kulikuwa na ufadhili kwa watoto wa wafuga nyuki. Alikuwa tayari ameulizia bei ya mzinga. "Mzinga tunaununua," alisema, "nyuki wanakuja wenyewe." Mama alimwambia nyuki wakija, watahamia dukani kwake, na shauri hilo likaishia hapo.

Mwishowe ufadhili uliomfaa Dodosa ni ule uliotaka aandike anachotaka kujua. Hapo hakuhitaji filimbi. Aliandika kuhusu kitambaa cheusi. Joho likining'inia karibu na dirisha muda mrefu, weusi wake huondoka ukawa wekundu wa kutu. Ukimwuliza mama atakuambia jua limeula. Dodosa alitaka kujua jua limekula nini hasa, kwa nini limebakiza wekundu na si kijani, na kwa nini kitambaa kingine kilichoning'inia hapo hapo halikukigusa. Aliandika yote hayo bila kujipamba. Mfuko wa Langoni ukampenda, na chama cha wauza vitambaa kinacholipia wanafunzi Karakana kikampenda pia.

Fedha zilikuwa sawa huku na huku: ada, malazi, chakula, vitabu. Tofauti ilikuwa sharti. Karakana walitaka asome amalize, basi. Langoni walitaka kila mwaka apate alama za daraja la juu, na mwaka atakaoshuka, ufadhili unakatwa. Ukikatwa, kwa ada za pale, ni kufunga virago. Cherehani mbili za mama zisingeweza kulipia hata muhula.

Mjomba sharti hilo hakuliona kabisa, au aliliona akaliruka. Siku barua ya Langoni ilipofika alibandika kwenye kioo cha duka picha kubwa ya Dodosa, na chini yake maneno: HONGERA BINTI YETU WA LANGONI. Aliyekuja kunakili cheti cha kuzaliwa aliondoka na habari zote. Hata muuza maji alianza kumwita Dodosa "daktari."

Mama yeye hakusema aende wala asiende. "Kitambaa ni chako," alimwambia. "Mimi nitakushikia mkasi tu."

Kwa hiyo Dodosa alifanya alichokiweza, akauliza. Na kwa kuwa msimu wa mahafali ulikuwa umekaribia, alijitolea kupeleka mzigo wa majoho Langoni ili akaone kwa macho yake. Alipita chini ya lile lango, akajifanya halioni, kisha akageuka akaliangalia. Lilikuwa zuri. Hakuna haja ya kulisingizia.

Baada ya kukabidhi mzigo alizunguka hadi akapata jengo la kemia. Msimamizi wa maabara, mtu mzima mwenye koti jeupe lililokosa kifungo kimoja, alimkuta amebandika uso kwenye kioo cha mlango.

"Unatafuta nini, binti?"

"Shikamoo. Lile sanduku linalowaka ni la nini?"

"Marahaba. Lile ni jua."

Dodosa alidhani anataniwa. Msimamizi alimfungulia, akamwonyesha. Ndani ya sanduku kulikuwa na taa kali, na vipande vya vitambaa vimezungushwa kuikabili. Jua la mwaka mzima, alieleza, lile sanduku linalitoa kwa siku chache, na mtafiti anakata kipande kila baada ya muda ili aone rangi inakufa namna gani. Dodosa aliuliza, akauliza tena, hadi msimamizi akavuta kiti akaketi. Kulikuwa na kipande cheusi kimoja ambacho nusu yake ilishageuka kutu. Alipokiona kile kipande moyo wake ulipiga kwa nguvu. Hakuwahi kupenda mtu kwa namna hiyo, na aliona haya kidogo kwamba wa kwanza ni sanduku.

Kabla ya kuondoka alipita ofisi ya ufadhili. Ofisa alikuwa mpole, meza yake safi.

"Naomba kuuliza. Mwanafunzi akishuka alama, inakuwaje?"

Ofisa alitabasamu. "Wanafunzi wetu hawashuki, dada. Ndiyo maana wako hapa."

Karakana alikwenda kesho yake. Maabara ilikuwa ndogo, imejaa watu na harufu ya klorini, na mwalimu wa rangi alikuwa mama mwenye kucha za buluu zisizotokana na hina wala mapambo. Huyu alimwambia bila kuulizwa kwamba nusu ya darasa hufeli mtihani wake wa kwanza, na kwamba hilo halimkoseshi usingizi, kwa sababu huwafundisha tena. Dodosa alimwuliza kama wanalo sanduku la jua. Mwalimu alinyoosha kidole dirishani. Huko nje, juu ya kamba, vitambaa vilikuwa vinaanikwa. "Letu hilo," alisema. "Polepole, lakini halina bili ya umeme."

Dodosa alimpenda mwalimu yule. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimfikiria yeye, kisha akalifikiria sanduku, kisha yeye, na alipofika mlangoni alikuwa bado hajui analotaka, kama ilivyokuwa asubuhi.

"Mama," alisema jioni hiyo huku akifunga pindo, "nimeuliza watu wote hawa. Wa Langoni karibu wote wamesema ilifaa. Hata yule wa vidonda vya tumbo alisema angerudi."

"Ehe."

"Sasa kama wote wanasema ilifaa, kwa nini bado naogopa?"

Mama alikata uzi kwa meno. "Hao unaowauliza, hapa huwa wanafuata nini?"

"Kupimwa majoho."

"Kwa hiyo ni akina nani?"

Dodosa aliinua macho kwenye majoho yaliyoning'inia kambani. Walikuwa waliomaliza. Wote, mmoja mmoja, wa mkanda mwekundu na wa kijani, walikuwa watu waliomaliza. Aliyeshindwa haji kwa fundi wa majoho. Msimu mzima alikuwa amesimama ng'ambo akiwauliza waliovuka mto kama mto unavukika.

Alijiona mjinga, na kwa mtu anayejivunia maswali yake, hilo lilimuuma. "Ungeniambia mapema," alisema.

"Ulikuwa unafurahi sana."

"Sasa nitawapata wapi wasiomaliza? Hawana mkanda shingoni."

Mama alinyanyuka, akaenda nyuma ya pazia lililoficha masalia ya vitambaa. Huko kulikuwa na majoho machache yaliyolipiwa nusu yasichukuliwe. Mama hakuwa na kichwa cha majina, ila mwili aliokwisha kuupima hakuusahau, na wateja wake aliwaita kwa vipimo vyao. "Huyu Mabega aliondoka nchini," alisema, akisukuma joho moja pembeni. "Huyu Shingo Fupi alijifungua mapacha siku ya mahafali, hakujishughulisha tena. Huyu hapa," aliligusa joho lenye mkanda mwekundu, "ni Mikono Mirefu. Huyu sijui. Nilipompima alijikunja. Mtu akipimwa joho hutanua kifua hata asipojua anatanua. Yule alikuwa anakibana."

Namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwenye kitambaa kidogo kilichobanwa kwa pini kwenye ukosi. Dodosa aliipiga. Sauti ya msichana iliitikia, na ilipojua simu inatoka kwa fundi wa majoho iliuliza kama ni deni; Dodosa akasema ni swali tu. Kisha ikasema, njoo kesho.

Mikono Mirefu alikuwa anafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya miti. Dodosa alimtambua kwa mbali kwa hiyo mikono, ambayo ilifika kwenye udongo bila yeye kuinama sana. Alikuwa anajaza udongo kwenye viriba vya plastiki, anavipanga kwa safu. Hakusimama alipomwona mgeni. Alimsogezea ndoo iliyopinduliwa na rundo la viriba.

"Karibu, mdogo wangu. Jaza huku unaniuliza. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unakuwa mwepesi."

Dodosa alijaza. Akaeleza kuhusu Langoni, sharti, Karakana, na sanduku linalowaka.

"Bado lipo lile sanduku?" Mikono Mirefu aliuliza, na uso wake ulichanua. "Nilikuwa nalo jirani. Sisi wa mimea tulikuwa chumba cha pili."

"Ulipapenda?"

"Mno. Watu watakuambia pale ni majivuno matupu. Uongo. Nilikutana na mwalimu aliyejua jambo moja la mizizi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na aliniruhusu nimuulize hata njiani. Nilikuwa na furaha ambayo sijaiona tena."

"Sasa ilikuwaje?"

Mikono Mirefu alishindilia udongo kwa kidole gumba. "Mwaka wa pili nilishuka. Somo moja tu, takwimu. Ufadhili ukakatwa. Lakini kuna rufaa, hilo hawakukuambia?"

"Waliniambia wanafunzi wao hawashuki."

"Wanashuka. Na karibu wote wanaokata rufaa wanarudishiwa, nilikuja kujua baadaye. Unaandika ukurasa mmoja, mwalimu anasaini, na mzazi anasaini." Alipanga kiriba kwenye safu. "Hiyo ya mzazi ndiyo iliyonishinda."

Dodosa alingoja. Hilo peke yake lilikuwa ajabu.

"Nyumbani walikuwa wamepanga sare kwa ajili yangu, unaelewa? Mahafali bado miaka miwili, shangazi zangu washanunua kitambaa. Baba akisalimiwa barabarani anasalimiwa 'baba Langoni.' Nilichukua ile karatasi nikaenda nayo nyumbani mara mbili. Mara zote mbili nilikuta wageni, nikaitwa nije nionekane. Nikarudi nayo. Muda wa rufaa ukapita. Nikabaki mjini nikiishi kwa rafiki, nafanya vibarua, nawaambia nasoma. Mahafali yalipokaribia ikabidi nije kwa mama yako nipimwe, kwa sababu shangazi mmoja alitaka risiti."

"Uliwaambia lini?"

"Siku yenyewe, asubuhi, wamekwisha kuvaa." Alisema hivyo akitazama viriba. "Na unajua baba alisema nini? Alilia kwanza. Halafu akaniuliza, mwanangu, ilikuwa sahihi tu? Ningekosa kukuwekea sahihi?"

Dodosa machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye udongo, akajichafua shavu lote. Mikono Mirefu alimcheka kwa upole, akampa kanga yake ajifute.

"Dada, ungejua yote haya, ungekwenda Langoni?"

"Ningekwenda leo. Ila ningekwenda kutoka kwenye nyumba nyingine. Au nyumba ile ile, imefundishwa." Alichukua kiriba kingine. "Nimeanza Karakana masomo ya jioni. Ni pazuri. Mama yako bado analo lile joho?"

"Analo."

"Mwambie abadilishe mkanda tu."

Dodosa alirudi nyumbani akiwa na swali jipya, na hili hakuna mgeni wa kulijibu. Aliamua hivi: kama nyumba yao inaweza kulibeba neno "nimefeli," anakwenda Langoni, kwenye sanduku lake. Kama haiwezi, anakwenda Karakana, na hatamlaumu mtu. Hakumwambia yeyote uamuzi huo, kwa sababu jaribio ukilitangaza si jaribio.

Siku ya mwisho ya kujibu, mchana, mjomba alikuja kula kama kawaida yake, maana alikuwa mgane na mapishi yake yalimshinda hata paka. Walikula wote watatu kwenye kona ya meza ya kukatia. Vyombo vilipoondolewa mama alirudi kwenye cherehani yake, na Dodosa akasimama katikati ya chumba.

"Naomba tufanye mazoezi."

"Ya nini?" mjomba aliuliza, akitafuta kijiti cha meno.

"Ya mimi kufeli."

"Mungu apishe mbali!"

"Hilo ndilo lenyewe, mjomba. Nikisikia Mungu apishe mbali, nitafunga mdomo. Mimi natoka nje, naingia, nakwambia nimefeli. Wewe unanijibu."

Mama hakuinua kichwa. Cherehani iliendelea. Dodosa alitoka, akahesabu pumzi zake mlangoni, akaingia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, daktari wetu!"

"Mjomba, nimefeli kemia."

"Umefeli? Wewe?" Mjomba alishika kichwa. "Sasa mimi nitawaambia nini watu?"

Mjomba alijisikia mwenyewe, na taratibu mikono ikashuka kutoka kichwani. "Ngoja," alisema. "Hiyo haihesabiwi. Toka tena."

Dodosa alitoka, akaingia. "Mjomba, nimefeli kemia."

"Ni huyo mwalimu! Ana chuki na familia yetu! Anaitwa nani?"

"Mjomba."

"Toka tena, mwanangu. Nitaipata."

Mara ya tatu mjomba alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili, na jasho limemtoka. Dodosa aliposema maneno yake, mjomba alitafuta jibu darini, akarudisha macho. "Pole," alisema. Kisha, kwa taabu, kama anayeng'oa msumari, "Haya. Sasa tunafanyaje?"

"Hapo sawa, mjomba," Dodosa alisema. "Na ile picha ya dukani?"

Mjomba alimtazama. Alielewa, na iliuma, mtu angeweza kuona inavyouma. Alitoka, na baada ya muda walisikia gundi ikibanduka kwenye kioo cha duka lake.

Sasa alibaki mama, ambaye hakuwa ameomba kushiriki na ambaye mguu wake ulikuwa bado unakanyaga cherehani. Dodosa alitoka kwa mara ya nne. Alisimama nje ya mlango akijua kwamba hili si igizo tena, kwamba mjomba angeweza kukosea mara kumi na bado mambo yakawa sawa, lakini mama akikosea mara moja tu, hiyo karatasi ya rufaa ataizungusha mkobani mpaka muda upite. Aliogopa waziwazi. Kisha akaingia.

"Mama. Nimefeli kemia. Wamekata ufadhili. Kuna karatasi inataka sahihi yako."

Mama aliweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani, likasimama. Alimtazama binti yake, kichwani, mabegani, mikononi, bila haraka.

"Umekula?" aliuliza.

Dodosa alitingisha kichwa, kwamba hajala.

"Kaa ule kwanza. Nitakuwekea hiyo sahihi ukiwa umeshiba, halafu unieleze hiyo kemia inataka nini."

Alikuwa amekula muda si mrefu, mezani pale pale, na sufuria ilikuwa bado haijaoshwa. Mama alinyanyuka akapakua kilichobaki, akamsogezea sahani. Dodosa alikaa, akala chote, machozi yakimdondokea mkononi. Alipomaliza aliosha sahani, akaenda dukani kwa mjomba, akamwambia awashe kompyuta, anawajibu Langoni.